Chumvi Isiyonukia: Maoni juu ya Tafsiri ya Mwongozo wa Kiwandani

Tumeletewa, ili tuitolee maoni, tafsiri ya mwongozo wa kazi wa kiwanda kimoja cha vinywaji. Kiswahili chake ni chepesi na sarufi yake haina kasoro kubwa. Hata hivyo, sura ihusuyo sodiamu benzoati imetutia wasiwasi, na hapana budi tueleze kwa nini.

Mfasiri ameiita kemikali hii "chumvi ya manukato". Bila shaka alilikuta neno la Kiingereza lenye maana mbili, akashika ile ya sokoni. Katika kemia sifa hiyo haihusu pua. Yahusu molekuli zilizojengwa juu ya duara la kaboni sita, kama lile la benzini. Sodiamu benzoati ni unga mweupe ambao karibu hauna harufu. Mtumishi atakayeambiwa atafute chumvi inukiayo atafungua magunia yote asiipate. Sisi twapendekeza "chumvi aromatiki": ni neno la kukopa, lakini halidanganyi. (Inachekesha kidogo kwamba kwa asili mfasiri hakuwa mbali. Jina la benzoati limetokana na "luban jawi" la Kiarabu, yaani ubani wa Java, na "ubani" wetu watoka katika luban hiyo hiyo.)

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika ukurasa unaofuata, "benzoati" imegeuka "benzini", na msomaji anaagizwa atie benzini katika maji ya matunda! Benzini ni sumu iletayo saratani ya damu. Benzoati huruhusiwa chakulani kwa kipimo. Kanuni za Marekani zinataja asilimia 0.1, yaani gramu 1 katika kila kilo. Tafsiri inasema "chumvi kidogo" tu, na aijuaye chumvi ya mezani atajaza kiganja. Tena, mnamo mwaka 1990 ilibainika Marekani kwamba benzoati ikikaa pamoja na vitamini C kinywajini yaweza kuzaa benzini kidogo, hasa penye joto na mwanga. Kwa hiyo fundi wa soda anayahitaji majina yote mawili, kila moja mahali pake.

"Kihifadhi" limetumika vizuri katika habari za achari na soda, ambamo ukali wa asidi huipa benzoati nguvu ya kuzuia ukungu na hamira. Vizuri pia ameeleza kwa nini viwanda hupenda chumvi hii kuliko asidi yake: asidi huyeyuka majini kwa shida. Lakini neno hilo hilo la "kihifadhi" amelipeleka hadi kwenye maji ya rejeta, ambako benzoati haizuii uozo bali kutu. Hapo tungeandika "kizuia kutu". Kuhusu fataki, ambazo hutiwa benzoati zipate kupiga mluzi, amesema sawasawa.

Tumeurudisha mswada ukiwa na masahihisho ya wino mwekundu, na tumeomba sura hiyo isipigwe chapa kabla hatujaiona tena.