Gede kwa skeli ya 1:200

Magofu ya Gede, karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi, yanafaa sana kuwafundishia wanafunzi ujenzi wa modeli ya mji wa kale. Ramani zipo, kwa kuwa James Kirkman aliyachimba kuanzia 1948 hadi 1958. Kuta nyingi bado zimesimama, hivyo mwanafunzi anaweza kwenda na futikamba akahakiki mwenyewe alichokiona kwenye karatasi.

Kabla ya mkasi na gundi huamuliwa mwaka. Kaburi moja limechorwa tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Ukuta wa nje ni wa karne ya 15, na ule wa ndani ni wa karne ya 16, mji ulipokwisha kunywea. Basi modeli ya Gede ya 1450 ikiwa na ukuta wa ndani imekosea. Imekosea pia ikipandwa ile miti inayokumbatia kuta leo, ambayo iliota baada ya wenyeji kuhama.

Kisha huja skeli. Ukuta wa nje unazunguka ekari zipatazo 45. Kwa 1:100 mji ungemeza mita za mraba 18, yaani sehemu kubwa ya darasa. Kwa 1:500 ungetosha mezani, ila chumba cha upana wa mita 2.5 kingebaki na milimita 5, na milango isingeonekana. Kwa 1:200 eneo ni mita za mraba 4.5 hivi, chumba kile ni milimita 12.5, na ukuta wa nje, wenye kimo cha mita 2.7, ni milimita 13.5. Ubao wa ukubwa huo haupiti mlangoni, kwa hiyo hugawanywa vipande vya takriban sentimita 60, ambavyo mkono unafika katikati yake. Mipaka ya vipande hupitishwa vichochoroni ili isipasue nyumba.

Upana wa vyumba una sababu yake, na mjenzi wa modeli asiyeijua atakosea kila nyumba. Paa za Gede zilikuwa bapa, za mawe na chokaa, zikibebwa na boriti za mikoko. Boriti fupi haiwezi kubeba uzito huo kwenye nafasi pana, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, hata vya ikulu. Aliyetaka nafasi zaidi aliongeza vyumba, hakuvipanua. Kwa hiyo kazi huanza na boriti. Wengi hukimbilia vijiti vya kuchokolea meno, lakini kijiti cha milimita 2 kwa skeli hii ni gogo la sentimita 40. Njiti ya ufagio wa chelewa, ikipasuliwa mara mbili kwa wembe, inakaribia boriti halisi. Hukatwa milimita 15, ili ncha zake zilale juu ya kuta pande zote mbili. Paa moja au mbili huachwa zikifunuka, vinginevyo kazi yote hiyo haionekani.

Kuta hukatwa kwa kadibodi ya milimita 2.5, sawa na nusu mita, kisha hupakwa chokaa laini. Matumbawe yanayoonekana leo yalifunikwa kwa lipu. Modeli yenye kuta za kukwaruza inaonyesha gofu, si nyumba.

Vibandiko vya majina navyo vina mtego. Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma ziliitwa hivyo kwa vitu vilivyokutwa ndani wakati wa uchimbaji. Si majina ya wenye nyumba. Kibandiko kinapaswa kusema hivyo.

Kigumu kuliko vyote ni uwanja ulio baina ya nyumba za mawe na ukuta wa nje. Huko waliishi watu wa nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha kuta za kupimwa. Kuuacha mtupu ni kuwafuta watu wengi wa mji. Kuujaza vibanda vya kubuni ni kupamba. Njia ya haki ni kuviweka vibanda hivyo bila milango, kwa rangi moja ya kijivu, na kueleza kwenye ufunguo wa ramani kwamba kijivu ni makisio na cheupe ndicho kilichopimwa.