Sifa za Wachambua Maana

Mwaka 1885, uani pa nyumba namba 78 katika barabara ya Banbury mjini Oxford, lilisimamishwa banda la mabati. Jirani, profesa wa sheria, hakutaka limzibie mandhari, ikabidi sakafu ichimbwe kwenda chini hadi banda likaonekana limezama ardhini. Humo ndani mlikuwa na unyevu na baridi kali. James Murray, mwalimu wa shule aliyekabidhiwa kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alikuwa akifanya kazi amevaa koti zito, miguu ameitia ndani ya sanduku ili upepo wa chini usimpige. Ukutani mlijaa vijumba vya mbao, zaidi ya elfu moja, na ndani yake vipande vya karatasi. Kila kipande kilikuwa na neno moja, sentensi iliyonakiliwa kutoka kitabuni, jina la kitabu na mwaka wake. Wasomaji wa kujitolea, Waingereza kwa Wamarekani, ndio waliovituma kwa posta. Watoto wa Murray walikuwa 11, nao walipewa vijisenti kwa kuvipanga kialfabeti.

Kupanga kialfabeti mtoto anaweza. Kazi ninayotaka kuisifu huanza baada ya hapo, pale vipande vyote vya neno moja vinapotandazwa mezani na mhariri akajiuliza: hapa kuna maana ngapi?

Watu wengi hudhani mtunga kamusi huumizwa kichwa na maneno mazito, yale ya madaktari na wanasheria. Sivyo. Jina la ugonjwa au la mdudu lina maana moja. Unaiandika kwa mistari miwili, unakwenda kunywa chai. Yanayomzeesha ni maneno ambayo mtoto wa Kiingereza huyajua kabla hajaota meno yote: set, run, take, get, do. Katika toleo la pili la kamusi ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, kitenzi set kilikuwa na fahiwa 430, yaani maana zilizotenganishwa, na maelezo yake yalifika maneno 60,000 hivi. Hicho ni kitabu kizima juu ya neno la herufi tatu. Walipofanya marekebisho ya karibuni, run likalipita. Mhariri mmoja wa Oxford, Peter Gilliver, alilishughulikia kwa miezi tisa, na ilipofika 2011 ikatangazwa kwamba amelipatia fahiwa 645. Kule Marekani, Kory Stamper wa kamusi ya Merriam-Webster alikaa mwezi mzima na take peke yake. Samuel Johnson naye, karne mbili na nusu kabla yao, alikuwa ameligawa neno hilohilo katika maana zaidi ya 130 kwenye kamusi yake ya mwaka 1755.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza miezi tisa ya nini. Basi tulifuate run kidogo. Mtu anakimbia. Mto unatiririka. Pua inatoka kamasi. Rangi ya kitenge inachuja. Basi linafanya safari za Morogoro. Injini inanguruma. Mama anaendesha duka. Mwanasiasa anagombea ubunge. Gazeti linachapisha habari. Mtoto ana homa. Soksi inafumuka. Ukuta unakwenda kutoka hapa mpaka kwenye mwembe. Kiingereza kinaweza kuyasema yote hayo kwa run. Sisi tumetumia vitenzi kumi na kidogo, kila kimoja na kazi yake, kwa hiyo tunaona mipaka papo hapo. Mwingereza haioni. Kwake ni neno moja linalopita mdomoni bila kugusa meno, na mtunga kamusi wake hana ruhusa ya kuazima macho yetu. Akichora mipaka kwa kufuata Kiswahili, Mjapani atamtaka aichore upya kwa kufuata Kijapani. Sharti aitafute ndani ya Kiingereza chenyewe.

Anaitafutaje? Anatazama ni nani anayetenda na ni nini kinachotendwa. Anatazama neno limeandamana na maneno gani. Tena kuna jaribio moja la zamani ambalo hata sisi tunaweza kulifanya barazani. Mwambie mtu kwamba Asha alipiga pasi, magoti na kura. Atacheka. Kila kimoja peke yake ni Kiswahili safi, ila huwezi kuvifunga vyote katika "alipiga" moja, maana kupiga huku si kupiga kule. Kicheko kile ndicho mpaka. Mwingereza naye hutumia run kwa duka na kwa homa, lakini ukimfungia duka na homa ndani ya run moja, atacheka vilevile, na mtunga kamusi atajua kwamba hapo panahitaji namba mpya.

Ila kicheko hakitokei kila mara. Kuendesha duka na kuendesha mashine, kwa Mwingereza, ni maana moja au mbili? Kuendesha mashine na kuendesha programu ya kompyuta je? Hapa watunga kamusi wamegawanyika tangu zamani, wapo wapenda kugawa na wapenda kuunganisha. Wa kwanza wakiona unywele wanaupasua. Wa pili husema lugha yenyewe haijui migawanyo yote hiyo, na kwamba kurundika namba ni kumchosha msomaji. Mimi naegemea kwa wa pili, hasa katika kamusi za shule. Lakini kwa kamusi ya historia nawaachia wapasuaji nafasi yao, kwa sababu maana inayoonekana leo kama kivuli cha nyingine huenda ilizaliwa miaka mia mbili baadaye, pamoja na garimoshi au kiwanda. Sehemu kubwa ya unene wa run imeletwa na mashine.

Kuna swali jingine, gumu zaidi: je, ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno mawili yaliyogongana sura? Sisi tunalijua vizuri. Paa wa porini, paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki hazina undugu. Kamusi zetu huzipa namba tofauti kama watu baki waliopangishwa vyumba jirani. Kwa Kiingereza mfano wa kufundishia ni bank. Ukingo wa mto uliingia kutoka lugha za watu wa Skandinavia. Benki ya fedha ilipitia Italia, kwenye benchi au meza ya mbadili fedha. Ukizifuata nyuma sana zinakutana katika ukoo wa lugha za Kijerumani, lakini zimekuja kwa njia tofauti na zinastahili vidahizo tofauti, kila moja na mlango wake kamusini. Crane, kwa upande mwingine, ni neno moja tu. Ni ndege mwenye shingo ndefu na miguu mirefu, na watu walipoona mtambo wa kunyanyulia mizigo unavyoinua shingo, wakaupa jina la ndege. Sisi mtambo huo tunauita winchi, lakini mchezo wenyewe si mgeni kwetu, kwani gari la vita lenye ngozi ya chuma tumelipa jina la kifaru.

Kwa hiyo mchambua maana lazima awe pia mwanahistoria, na historia ya maneno madogo imejaa vituko. Nice, ambalo leo ni sifa laini isiyo na uzito, liliingia katika Kiingereza yapata mwaka 1300 likimaanisha mjinga. Mzizi wake ni neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu. Baadaye likawa la mtu mwenye kuchagua-chagua, halafu la jambo lililopimwa kwa makini, na mwishowe la jambo la kupendeza. Silly limekwenda upande wa pili. Lilianza likiwa la mtu aliyebarikiwa, likateremka hadi kwa mpumbavu. Kamusi ya Murray huzipanga maana kwa umri, kongwe kwanza, na ndiyo maana anayeifungua akitafuta maana ya leo hulazimika kuwapita mababu wote mlangoni.

Kinachonivutia zaidi katika ufundi huu ni nidhamu yake. Mtunga kamusi hasemi neno lingepaswa kumaanisha nini. Anasema limetumiwa hivi, na nani, mwaka gani. Ushahidi huu hapa. Johnson ndiye aliyeufanya utaratibu huo wa nukuu uheshimike Uingereza, akiwa na waandishi wasaidizi sita kwenye dari ya nyumba yake, Gough Square, London. Alikosea pia. Sehemu moja ya mguu wa farasi aliieleza kuwa ni goti, wakati si goti. Bibi mmoja alipomuuliza ilikuwaje, alikiri kwamba ni ujinga tu. Sijui taaluma nyingi ambazo bingwa wake hujibu hivyo mbele ya watu.

Nidhamu hiyo ina gharama. Mwaka 1879, Murray alipotia saini na Chuo Kikuu cha Oxford, walikadiria miaka kumi. Ilipopita mitano, kijitabu cha kwanza kikatoka, nacho kiliishia kwenye neno la mdudu chungu, ant. Vipande vya karatasi alivyorithi vilikuwa vimetawanyika huko na huko. Gunia moja lilikuwa na panya aliyekufa, jingine lilikuwa na panya hai na wanawe. Vipande vya maneno yanayoanza na Pa vilikutwa Ireland katika zizi, na vingi vilikuwa vimekwisha kuwashia moto. Murray akafa mwaka 1915. Kazi ikamalizwa na wenzake 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 414,000 na nukuu zaidi ya milioni 1.8. Habari inayosimuliwa mno kuhusu kamusi hii, hata ikatengenezewa filamu, ni ile ya daktari wa jeshi la Marekani, William Minor, aliyeua mtu London na kutuma maelfu ya nukuu kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni kisa cha kweli na kinasisimua, lakini kimewafunika watu waliokaa kimya miaka thelathini wakitenganisha maana ya 14 na ya 15.

Upo ufundi pacha wa huu, unaokwenda kinyumenyume. Mtunga kamusi huanza na neno akatafuta maana zake. Mtunga tesauri huanza na maana akatafuta maneno yanayoizunguka. Peter Mark Roget, tabibu wa London, alianza daftari lake la maneno ya jamaa moja mwaka 1805. Alilichapa mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 73, limegawanywa katika mafungu 1,000 ya dhana. Wanafunzi hulitumia kutafuta neno la kubadilishia jingine, lakini ukilisoma polepole linakuonyesha kwamba visawe kamili ni adimu mno. Maneno ya jamaa moja hukaribiana bila kukaliana. Chuo Kikuu cha Glasgow kiliendeleza wazo hilo kuanzia 1965, kikiyapanga maneno ya Kiingereza ya karne zote kwa maana zake. Mwaka 1978 jengo lao lilishika moto, na kazi ikaokolewa na makabati ya chuma yaliyohifadhi vipande. Kitabu kilitoka 2009, miaka 44 tangu kuanza.

Huku kwetu maneno haya ya Kiingereza yametufikia kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa mtaani, na mtaa hauchukui neno zima. Match limeingia kama mechi, lakini kiberiti kikabaki kiberiti. Chenji ni zile za kurudishiwa dukani, wala hakuna mtu hapa anayesema hali ya hewa imechenji bila kuonekana anajidai. Spring kwa wenyewe ni kuruka, ni chemchemi, ni majira ya kuchipua, yote kutoka wazo moja la kitu kuchomoka kwa nguvu. Sisi tukachukua ile ya chini ya gari na ndani ya godoro, tukaiita springi, mengine tukayaacha. Spika limefaulu kupita na maana mbili, ya bungeni na ya redio. Na tai la shingoni limetuachia kazi mpya, kwani tayari tulikuwa na tai wa angani.

Mlango wa pili ni wa darasani. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekutana na fahiwa za Kiingereza ndani ya kamusi ya A. S. Hornby, ambayo wachache wanajua kwamba ilitungwa Japani. Hornby alifundisha huko tangu 1924, kitabu kikatoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakakichapa upya 1948. Kabla na baada yake walikuwapo waliobeba mzigo wa lugha mbili: A. C. Madan, mmisionari wa Zanzibar, mwaka 1894. Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ilitoka 1939. Na wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), Dar es Salaam, mwaka 1996. Hao walilazimika kuikata run mahali ambapo Kiswahili kinakatika, jambo ambalo wenzao wa Oxford hawakuruhusiwa kulifanya, na anayedhani hiyo ni kazi rahisi ajaribu ukurasa mmoja.

Lakini neno piga bado linangoja. Kamusi zetu hulieleza, tena vizuri kwa nafasi zilizo nazo, ila hakuna iliyolifuata kutoka tenzi za kale hadi kupiga chata na kupiga msasa, nukuu kwa nukuu, mwaka kwa mwaka. Vyuo vyetu vinavyo vijana wenye masikio makali na kompyuta za kutosha kuihifadhi kila sentensi. Mmoja wao alipwe mshahara wa miezi tisa, apewe piga, na asiulizwe mapema amefika wapi.