Swali Ndani ya Barua ya Mwaliko

Mvua ya Tukuyu haina haraka ya kukatika, na aliyewahi kuandaa mkutano katika kata yetu ya Bulyaga anajua kwamba ukumbi hujaa au kubaki mtupu kwa mambo mawili: hali ya hewa ya asubuhi ile na jina la atakayezungumza. La kwanza halipangwi. La pili ni kazi ya mtu, na nimeitazama kazi hiyo kwa miaka mingi kwa heshima inayozidi kukua. Ni kazi ya katibu wa kamati, anayemtafuta msomi au kiongozi mwenye tuzo, akamsimamisha mbele ya watu, na watu wakarudi nyumbani wana la kufikiria.

Kwetu kuna nafasi mbili zinazochanganywa. Mgeni rasmi hufungua shughuli. Amealikwa kwa cheo chake, na itifaki inampa kiti chake. Mtoa mada mkuu amealikwa kwa kile anachokijua. Katibu hodari hawapi wote wawili kazi moja. Mgeni rasmi humwandalia dondoo na dakika kumi na tano. Mtoa mada humpa saa nzima, na wiki kadhaa kabla ya saa hiyo humpa swali.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Barua nyingi nilizowahi kuziona humwomba mgeni azungumzie “elimu na maendeleo”. Mtu aliyeisoma elimu maisha yake yote aanzie wapi? Fundi huandika namna nyingine. Hueleza kwamba ukumbini watakuwepo walimu wa shule za msingi, wakulima wa chai na ndizi, na vijana waliomaliza kidato cha sita ambao bado hawana kazi. Kwamba mara ya mwisho walipokutana walibishana mpaka jioni kama mtoto anayekua akisema Kinyakyusa afundishwe kusoma kwa lugha ipi. Na kwamba walikwama hapo. Barua ya namna hiyo humfanya profesa aiache hotuba yake ya zamani, akaketi kuandika upya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote nchini ni Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia. Katika tamasha lake la kwanza, mwaka 2009, mhadhiri mgeni alikuwa Wole Soyinka, Mnigeria aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1986. Mwaka uliofuata akaja Samir Amin, mchumi kutoka Misri. Tazama mkono wa aliyepanga: kwanza mwandishi wa tamthilia, kisha mchumi, na wote wawili wanaletwa kwenye swali lilelile la Afrika na ukombozi wake. Nobel iliwavuta watu mpaka mlangoni, lakini kilichowakalisha ndani ni swali.

Upande wa mzungumzaji nao una ufundi wake, na lugha ni sehemu yake kubwa. Mwaka 2004, mbele ya wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Joaquim Chissano wa Msumbiji alizungumza kwa Kiswahili, lugha aliyoizoea Tanzania wakati wa mapambano ya uhuru. Miaka mitatu baadaye akawa wa kwanza kupokea tuzo ya uongozi ya Mo Ibrahim. Kwangu mimi, siku ile ya 2004 ilistahili tuzo yake yenyewe.

Sisi wa nyanda hizi tunaikumbuka pia Mei Mosi ya 1995, Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaondoka kwenye urais karibu miaka kumi kabla, na uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa miezi michache mbele. Alizungumza juu ya rushwa, udini, ukabila na aina ya rais anayehitajika. Sikiliza kanda zake kwa subira. Huuliza, hungoja, hurudia maneno machache kwa sauti iliyoshuka, kisha huwaachia watu wamalize wenyewe. Uwanja mzima unajikuta katika mazungumzo ya watu wawili.

Wanyakyusa wana neno la jambo hilo: ukwangala, raha ya kukaa na wenzako mkizungumza. Monica Wilson, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alilipa uzito mkubwa katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Msomi akija huku akasoma karatasi kurasa ishirini bila kuinua macho, hajatukosea adabu, ila hajakaa nasi.

Malipo nayo yasemwe wazi. Ulaya na Marekani kuna mawakala wanaowaandikia wazungumzaji mikataba. Kwetu mara nyingi ni nauli, malazi, posho na bahasha. Katibu mzuri huyataja yote kwa tarakimu katika barua ya kwanza, ili mgeni asifedheheke kuuliza. Hupanga na safari: ndege mpaka Songwe, kisha gari kupitia Uyole na Kiwira, mgeni afike jioni ya kuamkia mkutano, ale, alale, na asubuhi auone Mlima Rungwe ukitoka kwenye ukungu kabla hajashika kipaza sauti.

Bulyaga ndiko alikozaliwa Dkt. Tulia Ackson, mwaka 1976. Alipata udaktari wa sheria Chuo Kikuu cha Cape Town, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Spika wa Bunge mwaka 2022, na Oktoba 2023, mjini Luanda, akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Namtaja kwa sababu kamati zetu huanza kutafuta majina mbali sana, wakati kata hii imekwisha kutoa mtu ambaye mabunge ya dunia yalimchagua.

Ndugu zangu makatibu wa Tukuyu, kabla hamjaandika jina la mgeni kwenye barua, kaeni kwanza na watakaoketi ukumbini, muandike wanachobishania.