Lahajedwali: Istilahi Inayoficha Kazi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha enea katika Kiswahili, lahajedwali ni mojawapo ambayo hatuna budi kuihakiki. Imeundwa kwa ustadi: laha ni karatasi, jedwali ni mpangilio wa safu na mistari, na matamshi yake hayamsumbui mtu. Kasoro yake imo katika maana. Inataja sura ya kitu, haitaji kazi yake.

Lawama si ya waundaji peke yao. Neno la Kiingereza nalo lilitokana na karatasi pana za wahasibu, zilizojazwa kwa mkono. Tarakimu moja ilipokosewa, jumla zote zilizoitegemea zilifutwa zikaandikwa upya. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya kompyuta ya Apple II. Humo tarakimu moja ikibadilishwa, zote zinazoitegemea hubadilika zenyewe. Upya huo ndio uliostahili jina; sisi tukatafsiri karatasi.

Hasara yake si ndogo. Mwalimu aliyeambiwa kuwa hili ni jedwali hulitumia kama jedwali: huandika alama za wanafunzi, akazijumlisha kwa kikokotoo cha mkononi, kisha akachapa jumla. Hajui kwamba angeandika kanuni moja tu, akawa amejiundia zana yake mwenyewe bila kuwa mtaalamu wa programu. Hata sisi wakusanyaji wa istilahi twaweza kuorodhesha kompyuta, tarakilishi na ngamizi kila zinapojitokeza katika maandishi, na kanuni moja ikatuhesabia kila neno limetumika mara ngapi, badala ya kubishana kwa kukisia. Mkulima hununua jembe, lakini mpini huuchonga mwenyewe. Lahajedwali ni jembe lililouzwa bila mnunuzi kuonyeshwa mahali pa kutia mpini.

Twapendekeza jedwali kokotozi, kutokana na kitenzi kokotoa. Watakuwapo watakaosema kuwa haya ni maneno mawili badala ya moja, na kwamba lahajedwali limekwisha zoeleka. Hoja ya kwanza ni nyepesi. Ya pili ina uzito, na kwa sababu hiyo twashauri kwamba vitabu vya mafunzo viyatumie majina yote mawili kwa muda.

Ama sehemu ndogo inayoandikwa tarakimu, wengine huiita seli, wengine kisanduku. Seli imekwisha shikwa na biolojia, twapendelea kisanduku.