Boyi wa chini alimushinda mwalimu

Tangu Januari 1971 Masterpiece Theatre ya WGBH, Boston, ilileta michezo ya Waingereza kwenye televisheni ya umma ya Marekani. Makuta ya Mobil, kampuni ya petroli! Mpaka 1992 Alistair Cooke alikaa kwenye kiti kueleza kila mchezo mbele uanze. Watu wanasifu adabu yake; miye hapana, anatufanya banafunzi. Lakini Upstairs, Downstairs haikuitaji mwalimu. Wazo lilitoka kwa Jean Marsh na Eileen Atkins, watoto wa watu waliotumika majumbani mwa matajiri, na Marsh mwenyewe anacheza Rose, mutumishi. Jikoni ba-boyi wako na majina, wivu, hasira. Juu kule, mabwana wanabadilisha tu nguo.