Kigoda cha Mchungaji katika Nyumba ya Kifahari: Uhakiki wa Samani za Mbao za Milima ya Alpi

Shale, yaani nyumba ya mbao ya milima ya Alpi, haikuzaliwa katika anasa. Katika eneo la Savoie, Ufaransa, ilikuwa makazi ya wachungaji waliopanda malishoni na ng'ombe wao wakati wa kiangazi, wakakamua maziwa na kutengeneza jibini. Leo nyumba hiyo ni alama ya utajiri. Makala haya yanahakiki mpito huo kwa vipengele viwili ambavyo msomaji wa fasihi anavifahamu, fani na maudhui. Swali la msingi ni hili: je, samani iliyochongwa kwa mkono hubaki na maudhui yake inapohamia katika nyumba ya kifahari?

Mfano wa kwanza unatoka Megève. Mwishoni mwa miaka ya 1920, msanifu majengo Henry Jacques Le Même alimjengea Noémie de Rothschild nyumba ya mapumziko mjini humo. Aliiga nyumba ya mkulima wa Savoie, ambamo watu, mifugo na nyasi kavu vilikaa chini ya paa moja. Mifugo na nyasi viliondoka. Paa pana na mbao vikabaki. Kazi hiyo ni stadi, na ilikidhi mahitaji mapya ya wageni waliokuja kuteleza thelujini. Hata hivyo, fani ilidumu ilhali sehemu kubwa ya sababu iliyoizaa ilikuwa imetoweka.

Charlotte Perriand (1903–1999) alifuata njia tofauti. Katika nyumba aliyojijengea Méribel mwanzoni mwa miaka ya 1960, hakuiga sura ya nyumba ya mchungaji. Alichukua mantiki yake. Kigoda chake kiitwacho Berger, yaani mchungaji, ni ushahidi mzuri. Kina miguu mitatu, na kikalio chake cha duara kimechimbwa kidogo katikati. Hakuna nakshi hata moja. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, ndiyo maana mkamuaji aliihitaji. Ule ubonde wa kikalio humpokea mketi bila mto. Hapa fani ndiyo maudhui yenyewe: ukiondoa umbo, umeondoa matumizi.

Aidha, Perriand, ambaye alikwenda Japani mwaka 1940 kuwa mshauri wa usanifu wa bidhaa, alitandika mikeka ya tatami katika nyumba hiyo. Mkeka wa Kijapani na kigoda cha Savoie vinapatana kwa sababu vyote viwili humweka mtu karibu na sakafu na kuacha chumba wazi. Kwa mtazamo huu, anasa ni nafasi, mwanga na mbao iliyoachwa ionekane ilivyo.

Inaweza kudaiwa kwamba Perriand naye alichukua mali ya maskini. Dai hili lina uzito, kwani vigoda vyake vya awali sasa huuzwa minadani kwa bei ambayo mchungaji asingeimudu. Lakini bei hiyo imepangwa na wakusanyaji wa vitu vya sanaa. Kigoda chenyewe bado kinakalika, na aliyekibuni alitaja katika jina lake yule aliyekopa kwake.

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika nyumba nyingi za kifahari za leo, ambamo mbao kuukuu za mabanda hung'olewa na kupigiliwa juu ya kuta za zege. Ubao uliokuwa ukibeba paa sasa haubebi chochote isipokuwa sifa ya ukale. Fundi wake ametumia randa na patasi kwa ustadi, ila ustadi huo umetumwa kudanganya jicho.

Kwa hiyo, makala haya yanahitimisha kwamba kuchongwa kwa mkono peke yake si kipimo tosha cha ubora. Mhakiki wa samani hana budi kuuliza kila kiungo kinafanya kazi gani. Kigoda cha mchungaji kinalijibu swali hilo kikiwa zizini na kikiwa sebuleni. Ubao uliopigiliwa ukutani haulijibu.