Farah katika Filamu ya Out of Africa: Uhakiki Mpya

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, Out of Africa si kitabu teule na hutatahiniwa juu yake. Hata hivyo inafaa kuhakikiwa, kwani kosa tulionalo kila mwaka katika majibu ya Fasihi, yaani kumsadiki msimulizi kwa kila asemalo, filamu hii inatualika tulitende kwa saa mbili na zaidi.

Iliongozwa na Sydney Pollack, ikatoka mwaka wa 1985 na kuzoa tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Inasimulia maisha ya mwandishi Karen Blixen wa Denmark, aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, shamba lake la kahawa huko Ngong na mapenzi yake na mwindaji Denys Finch Hatton. Wengi walivutiwa na mandhari wakanyamaza. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa upande wake, alikuwa ameshutumu maandishi ya Blixen kwa kumdunisha Mwafrika, hata kabla filamu haijatoka. Shutuma hiyo ina uzito. Lakini ukiisha kusema kwamba kazi fulani ni ya kikoloni, ndio kwanza umeanza kuihakiki.

Tazama fani. Pollack ametumia mbinu rejeshi: bibi mzee anakumbuka, nasi tunayaona aliyoyaona yeye. Karibu na mwisho, Karen anampigia magoti gavana mpya ili Wakikuyu wa shambani wapewe ardhi. Mtahiniwa ataandika, "Karen ni mwenye huruma," na atapata alama yake. Je, atauliza ni nani aliyewafanya wenye nchi kuwa maskwota hata waombewe ardhi? Filamu haiulizi. Kinaya hicho itakubidi ukitafute mwenyewe.

Sasa mtazame Farah Aden, msimamizi wa nyumba, aliyeigizwa na Malick Bowens wa Mali. Farah alikuwa Msomali. Hapa Sericho jina lake si geni katika daftari la mahudhurio, na labda ndiyo sababu sikuweza kumpita haraka. Katika kitabu chake cha 1937, Blixen anawaeleza kwa kirefu wanawake wa nyumbani kwa Farah. Filamu haina nafasi nao. Farah yupo pale tu Karen anapomhitaji. Hapo, kwa maoni yangu, filamu ni maskini kuliko kitabu chenyewe.

Na bado mwachano ulionigusa zaidi si ule wa wapenzi, bali ule wa kituo cha gari moshi. Karen anamwomba Farah, baada ya miaka yote ile, alitamke jina lake. Farah analitamka, kisha papo hapo anaongeza "Msabu". Pollack angeweza kulikata neno hilo. Aliliacha.